Mama Yuko Nyuma Yako

Thunder Bay
Jumapili, baada ya kahawa ya pili

Dada yangu mpendwa Sirkka,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, wewe na shemeji Curtis, na kwamba goti lake limeacha kutabiri hali ya hewa ya Calgary. Mimi ni mzima kupita kiasi. Mama anaoka mkate wa iliki kana kwamba kuna posa ndani ya nyumba, na suruali niliyokuja nayo kutoka Kenora sasa naifunga kwa imani tu. Mama mwenyewe naye... Basi, habari za mama ndizo zilizonishikisha kalamu. Kama unasoma umesimama jikoni huku unakoroga kitu, zima jiko kwanza, ukae.

Utauliza kwa nini sikupiga simu kama watu wengine. Kwanza, kwenye simu unanikatiza. Usinune, umenikatiza tangu nilipoanza kuongea, na mama anasema hata neno langu la kwanza ulilimalizia wewe. Pili, niliyoyaona wiki hii bado hayasemeki kwa mdomo. Nimejaribu kuyasema kwa sauti mbele ya kioo cha bafuni, nikamwona humo mtu aliyegongwa na mlango. Kuandika kunanipa nafasi ya kupumua.

Unakumbuka ulivyonituma. Ulisema, na mimi nikakubali, kwamba mama hawezi kuendelea kuishi peke yake. Hapokei simu mchana kutwa. Mapazia yamefungwa. Bi Tuulikki wa jirani alikuja kurudisha bakuli, akamsikia kupitia dirishani akisema peke yake, kwa sauti ya chini kabisa, "Niko nyuma ya kasisi. Hajaniona. Namuua sasa hivi." Bi Tuulikki aliondoka na bakuli lilelile na hajarudi mpaka leo. Wewe ukapata nafasi kwenye yale makao ya wazee ya karibu na hospitali, ukapanga yule mama wa tathmini, anayepima kama mzee anaweza kujitegemea, aje Alhamisi, na mimi kazi yangu ikawa moja: nitumie likizo ya shule kuwa hapa, nihakikishe mama amevaa vizuri, ametulia, na hamtaji kasisi yeyote. Akishindwa kujibu maswali, nyumba inauzwa na yeye anahamishwa kabla ya Pasaka, atake asitake. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana sisi wawili, nyuma ya mgongo wake. Huo mgongo uuweke akilini, nitaurudia.

Nilifika Jumatatu, nikaingia na ufunguo wangu bila kubisha hodi. Nyumba ilikuwa na giza na harufu ya iliki. Kutoka chumba cha marehemu baba nikasikia sauti ya mama: "Tulieni. Hakuna kukimbia. Anayekimbia anasikika." Halafu, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kukunja nguo, "Mmoja amekwisha. Nani anataka wa pili?" Sirkka, mimi ni mtu mzima, nina kipara, na wanafunzi wangu wananiogopa angalau siku za mtihani, lakini nilikaa chini palepale kwenye mkeka wa viatu. Nikajiambia, basi, mama ameshakwenda, tumechelewa.

Nikasukuma mlango. Mama alikuwa kwenye kiti cha baba, kile kinacholala nyuma, amevaa soksi zake za sufu, miwani puani, vipokea sauti vikubwa kichwani kama rubani. Mkono mmoja kwenye kibodi, mwingine kwenye kipanya, na mbele yake skrini kubwa kuliko televisheni yangu. Bila kugeuka akainua kidole kimoja. Unakijua kidole kile. Ndicho alichokuwa akikiinua kanisani, nasi wawili tukawa tunaacha kupumua. Nikaacha kupumua. Nikasimama na koti langu, theluji ikiyeyuka kutoka kwenye buti hadi kwenye zulia, huku mama yetu mzazi, aliyetunza vitabu vya nyimbo vya kanisa nusu ya maisha yake, akimnyatia kasisi kwenye skrini, akampitia nyuma ya nguzo, akamchoma kisu cha ubavuni, kisha akamlaza chini polepole ili asisikike akianguka. Halafu akavua vile vipokea sauti akaniambia, "Vua buti, Risto. Umeloanisha zulia."

Mchezo wenyewe unaitwa Minara ya Chumvi. Ni mji mzima ulio ndani ya kompyuta, una mifereji, masoko, liwali mbaya na walinzi kila kona, na watu halisi kutoka pande zote za nchi wanaingia humo kwa wakati mmoja, kila mtu na mhusika wake. Ndiyo maana mapazia yanafungwa. Jua linapiga kwenye skrini. Ndiyo maana hapokei simu. Nilipomuuliza aliniangalia kama niliyeuliza kwa nini daktari hapokei simu akiwa amempasua mtu. Alisema mchezo huu hausimami kwa sababu umeuomba usimame. Wenzako wamo ndani, wanakutegemea. Tena anacheza upande ule mgumu, ambako mhusika akifa amekufa kabisa, harudi, unaanza upya na mwingine asiye na hata viatu. "Na Sirkka," alisema, "hupiga kila ninapokuwa juu ya paa." Kwa hiyo, dada, zile simu zote zilizokukosesha usingizi, mama alikuwa juu ya paa la mtu.

Mhusika wake ni muuaji wa siri, anaitwa Soksi. Soksi hajafa hata mara moja. Mama alianza kumcheza mwaka ule alipoumia nyonga, akakatazwa kwenda popote. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hatukuuliza. Tuliuliza kama anakula na kama anameza dawa.

Nilitaka kukupigia usiku uleule nikucheke: mama hana wazimu, mama ana kazi! Lakini sikupiga, kwa sababu Jumanne asubuhi nilikuwa nimeshaajiriwa.

Mganga wa timu yao, yule wa kuwaponya wenzake mchezoni, alikuwa amekwenda kutolewa mtoto wa jicho, na bila mganga hawawezi kuingia kwa liwali kumuua. Mama akawaambia wenzake, mimi nikisikia, "Nina mwanangu hapa. Ni mwalimu. Hana kazi ya maana wiki hii." Wenzake waliobaki ni wawili. Gordon wa Saskatoon, daktari wa meno mstaafu, ndiye anayebeba ngao na kupigwa na kila mtu. Delphine wa Moncton, aliyekuwa akiendesha basi la shule, anapiga mishale na kucheka kama anayekohoa. Mimi nikapewa joho jeupe, fimbo, na jina ambalo mama alilichagua baada ya kuniona nikitembea hatua chache: Bata.

Sitakuficha, nilikuwa aibu ya ukoo. "Soksi," Gordon alisema siku ya kwanza, "mwanao anatembea kama mtu anayetafuta choo." Delphine akalia, "Bata! Ninakufa huku, wewe unauponya ukuta!" Na kweli nilikuwa nauponya ukuta. Nikapotea sokoni, nikapotea kwenye mfereji, nikapotea ndani ya chumba chenye mlango mmoja. Gordon akamwuliza mama kwa jina lake, "Aune, huyu si ndiye ulisema anafundisha jiografia?" Mama akajibu, "Ndiye. Msimwonyeshe kaskazini, atajisikia vibaya."

Lakini Sirkka, laiti ungemwona Soksi kazini. Nilidhani muuaji hodari ni mwenye kasi. Mama anasema wenye kasi wote wamekufa. Muuaji hodari ni yule anayeweza kukaa nyuma ya pipa, asifanye lolote, mpaka mkono unamwasha. Hapigi wa kwanza. Anamwacha Gordon atangulie na ngao yake, apige kelele, awatukanie mama zao walinzi wote, na hasira zote zikishamgeukia Gordon, ndipo Soksi anapotoka kivulini. Hasimami mbele ya mtu, ni mgongoni tu. Anaanza na yule anayewatibu wenzake, ndiyo maana kasisi hutangulia kufa kila mara. Kabla ya kila pigo anapaka sumu kwenye kisu, kwa sababu sumu hukauka upesi, na kisu kikavu kinamkasirisha tu mtu. Moshi wa kujifichia anao mmoja, na hautumii mpaka awe na hakika hana njia nyingine. Na haongezi pigo. Alisema wauaji wengi amewaona wakifa kwa tamaa ya pigo moja la ziada, adui amebaki na tone la damu, wao wamekwisha kuonekana.

Jambo alilolirudia kuliko yote ni kwamba kuua si kazi. "Kuua hata Gordon anaweza." (Gordon alisema asante.) Kazi ni kutoka. Kabla hajaingia popote, anazunguka jengo lote kwanza, anatafuta mlango wa kutokea, na asipouona haingii hata kama liwali amelala kitandani.

Nilipokuwa nikimsikiliza nikakumbuka kopo la biskuti. Unakumbuka? Tulikuwa tunahakikisha yuko uani, tunasikia kabisa akikung'uta zulia, tunapanda kiti, mkono unaingia kwenye kopo, na sauti inatoka nyuma ya masikio yetu: "Chukueni na ya baba yenu." Soksi zilezile. Tulilelewa na muuaji, dada, hatukujua tu.

Kulikuwa na desturi moja ndani ya timu ambayo niliipenda mapema. Gordon na Delphine walikuwa wakiitana kwa sauti ndogo wakati wote. "Sumu, Soksi," Gordon angesema. Baada ya pigo, Delphine, "Mlango wa mashariki, Soksi. Kushoto kwako." Nilidhani ndiyo nidhamu ya mchezo, kama mabaharia wanavyoitikiana. Siku moja mama alimwita Gordon kwa jina la baba. "Eino," alisema, "shika mlango." Nikangoja wamtanie, maana hawa hawaachi kitu kipite. Gordon akasema tu, kwa upole, "Nimeushika." Nami nikacheka peke yangu, kama mjinga.

Sasa Alhamisi. Ule ujumbe niliokutumia, kwamba dhoruba ya theluji imefunga barabara na mama wa tathmini ameshindwa kufika. Hakukuwa na dhoruba. Kulikuwa na jua zuri kiasi kwamba Bi Tuulikki alianika mazulia. Nilimpigia yule mama mwenyewe nikaahirisha. Nilijiambia namlinda mama yetu aliye mzima kabisa dhidi ya dada yangu anayependa kupanga maisha ya watu. Nilijiona shujaa. Nikakata kipande kikubwa cha mkate, nikavaa joho langu jeupe. Nisamehe uongo, lakini soma mpaka mwisho ndipo unisamehe, kwa sababu ungepaswa kunikasirikia kwa jambo jingine kabisa.

Ijumaa mchana tuliingia kwa liwali. Delphine hakuwepo, mjukuu wake alikuwa na mechi ya hoki. Mama akasema watatu tunatosha. Soksi alizunguka jumba zima kama kawaida yake, akatuonyesha mlango wa kutokea, mdogo, wa kaskazini, nyuma ya ghala la chumvi. Gordon akatangulia, akapiga kelele zake, walinzi wakamfuata hadi ngazini. Mama akamfikia liwali akiwa uani, ameinamia sahani yake ya samaki. Pigo moja. Sijawahi kuona kitu safi namna ile. Nilipiga makofi chumbani nikamwaga kahawa.

Hapohapo intaneti ya Gordon ikakatika. Mhusika wake akaganda ngazini na ngao yake, kama sanamu, halafu akatoweka, na walinzi wote waliokuwa wakimkimbiza wakageuka kurudi uani.

Nikamngoja Soksi atoke. Ua ulikuwa wazi bado, mlango wa kaskazini uko palepale. Soksi hakutoka. Alisimama katikati ya ua, kwenye mwanga, mahali ambapo mama asingesimama hata kwa mzaha. Akapaka sumu kwenye kisu. Akapaka tena. Akapaka tena. Nilidhani ni mbinu ambayo hajanifundisha bado, nikanyamaza nijifunze. Ndipo nikasikia, si kwenye vipokea sauti bali kwenye kiti kilicho karibu yangu, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mama yetu. Sauti ndogo. Hakuniita Bata.

"Risto, mlango uko wapi?"

Niligeuka nikamwangalia. Alikuwa akiitazama skrini kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Mikono yake ilikuwa juu ya kibodi, imetulia kabisa, haijui la kufanya. Na katika mshtuko ule, kwa mara ya kwanza wiki nzima, mimi mwalimu wa jiografia nikajua kaskazini ni wapi. Nikasema, "Nyuma yako, mama. Pita kulia kwa ghala la chumvi." Kisha nikamtoa Bata kwenye kona aliyojificha, nikampeleka mbio mbele ya wale walinzi, na kwa kuwa anayekimbia anasikika, wote walimsikia. Walimkatakata. Alikufa vibaya na kwa kelele. Soksi akapita mlango mdogo, akatoka.

Mama akavua vipokea sauti, akavikunja, akasema anakwenda kuweka maji jikoni. Gordon akarudi hewani muda huohuo. Hakuuliza kama liwali amekufa. Aliuliza, "Nani alikuwa anamwitia?" Nikamwambia, kumwitia nini? Akasema, "Ee Mungu wangu. Hakukwambia." Ndipo nikaelewa zile "sumu, Soksi" na "mlango wa mashariki, Soksi." Haikuwa nidhamu ya mchezo. Walikuwa wakimkumbusha. Tangu vuli, watu wawili ambao hawajawahi kukanyaga nyumba hii walikuwa wakimshika mama yetu mkono kila siku, kwa upole kiasi kwamba mimi, niliyekaa kiti cha pili, nilidhani wanacheza.

Jana ilikuwa Jumamosi, na unajua Jumamosi hapa ni siku ya sauna, ya kuoga mvuke, hata dunia ikiisha. Mama alitangulia, mimi nikafuata. Nilikuwa nimekaa benchi la juu kabisa, uchi kama nilivyozaliwa ila mkubwa zaidi, nikimwaga maji kwenye mawe na kutunga namna ya kuanza mazungumzo, niliposikia ubao wa benchi la chumba cha nguo ukilia. Mama alikuwa amekaa upande wa pili wa mlango. Sauna ya baba ina mlango mmoja, na ameukalia yeye. Taulo langu liko kwake. Nikajua nimekwisha.

Alianza kwa kuniambia kwamba kilichofanywa na Bata kilikuwa cha kijinga, na kwamba mganga hatangulii mbele kamwe. Kisha akasema asante. Halafu, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kutangaza namba za nyimbo, akaniambia kwamba anasahau. Alianza kujua kule kwenye mchezo, si jikoni. Jikoni unaweza kujidanganya, alisema. Ukisahau chumvi unasema daktari alikukataza chumvi. Kule huwezi. Ulipaka sumu au hukupaka, na walinzi wanakujibu. Ilipomtokea mara ya kwanza aliwaambia Gordon na Delphine wamtazame. Ilipoendelea alipanda basi, akaenda kwa daktari peke yake, akapimwa, akaambiwa jina la ugonjwa. Ni mapema bado, walimwambia. "Mapema kwa nani?" aliwauliza.

Nilikuwa natoka jasho na machozi kwa pamoja, huko ndani huwezi kutofautisha. Nikamwambia kwa nini hukutuambia, mama. Akasema, "Mngekuja na koti langu mkononi kunihamisha." Ubao wa benchi ukalia tena. "Nanyi mlikuja nalo. Alhamisi, sivyo? Yule mama wa tathmini ana sauti nzuri. Aliniachia ujumbe kuthibitisha, kabla hata hujafika. Nilioka mkate kwa ajili yake."

Sirkka, alijua tangu mwanzo. Sisi tulikuwa tunamnyatia mama.

Sijafika kwenye lililonishtua zaidi. Nilipomwambia hatutakulazimisha, mama, utakaa hapa, mimi nitaongea na Sirkka, alicheka. Alisema nyumba ina ngazi na jiko na majira ya baridi, na yeye si mtoto. Tayari ana chumba. Si kule ulikochagua wewe. Kule, alisema, kuna mlango mmoja tu, wanaufunga, na wauguzi wanamwita kila mtu "kipenzi". Aliyachunguza makao yote matatu ya mji huu. Alikuwa anaingia mchana na koti lake na mkoba wake, anakaa ukumbini kama aliyekuja kumwona mgonjwa, anakunywa kahawa yao, anasikiliza. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Aliona nani anapelekewa supu ya moto na nani ya baridi. Aliona muuguzi gani anabisha hodi. Yale aliyoyachagua yako juu ya kilima, yanatazama ziwa, na chumba chake ni cha mwisho, karibu na mlango wa bustani. Ameshaandika jina. Ameshauliza kuhusu intaneti. Atahama barafu ikiondoka ziwani, siku atakayoichagua yeye, kwa miguu yake, akijua anakwenda wapi. "Kutoka mwenyewe kabla hujaonekana," alisema, "si sawa na kutolewa." Kisha akanipitishia taulo kupitia upenyo wa mlango, akaenda zake. Sikusikia hatua hata moja.

Leo asubuhi amemwingiza Soksi kwenye nyumba ya wageni nje ya kuta za mji, akamlaza, akamfunika, akafunga. Yuko hai. Hatamtoa tena. Gordon na Delphine walikuja na wahusika wao kusimama mlangoni, Delphine hakucheka. Kisha mama amenikalisha kwenye kiti cha baba, amenianzishia muuaji wangu mwenyewe, na amekuwa akinitukana tangu hapo. Anasema mgongo wangu unaonekana kutoka Kenora. Anataka nijue njia zote za mji ule vizuri, ili siku akiuliza mlango uko wapi, awepo mtu wa kumjibu bila kugeuka na kumwangalia. Ndivyo nilivyomwangalia Ijumaa, na ndilo jambo ninaloomba unikasirikie.

Basi dada, futa ile nafasi uliyoipata, usimpigie simu ya kulia, na usiwe na hasira na mtu, labda na mimi kidogo kwa ajili ya ile dhoruba. Msalimie sana shemeji Curtis na goti lake. Watoto wakipiga, waambie bibi yao amemuua liwali. Nataka kusikia watakavyonyamaza. Bi Tuulikki nitampelekea mkate kesho na kumweleza habari za kasisi, kama atanifungulia.

Ni mimi mdogo wako,
marehemu Bata,
Risto

Nimefungua tena bahasha. Nilipokuwa naandika jina lako juu yake nilisikia harufu ya iliki kwenye sikio langu la kushoto. Mlango sikuusikia, wala ule ubao wa sakafu unaolia hata paka akipita. Sijui amesimama hapo tangu ukurasa gani. Anasema nimeandika vizuri isipokuwa uongo kuhusu mkate, hajaoka mwingi kiasi hicho, ni mimi ninayekula. Na anasema niongeze haya, kama anavyoyatamka: "Mwambie Sirkka aje kabla barafu haijaondoka. Asipige simu, aje tu, asimame jikoni, afungue kopo la biskuti. Nataka nimnyatie mara moja tena, wakati bado najua mgongo ule ni wa nani."